Tatu Huku, Nne Huku, Tano Kulala

Huyu ni Bi Kamba binti Mchimba Misingi bin Mfyatua Matofali, na jina lake ukilitaja nusu umelidhulumu. Babu yake ndiye aliyefyatua matofali ya zahanati, yakatoka tanuruni yote kipimo kimoja, hata wajenzi wakawa wanasema ukiona tofali la yule mzee limezidi mwenzake, basi mojawapo si lake. Baba yake ndiye aliyechimba msingi wa soko, na soko lile limekula mvua za miaka hamsini bila ukuta kutoa ufa wa kupitisha sisimizi. Na yeye mwenyewe, Bi Kamba, amesimamisha kuta mia moja na kumi na moja kwa mkono wake, na hata mmoja haukuomba kuegemezwa gogo. Wapo watakaosema mia moja na saba. Hao hawakuhesabu choo cha shule, na choo nacho kina kuta nne kama nyumba nyingine yoyote.

Lakini kabla hajaitwa Bi Kamba aliitwa Ng'ombe Wawili, na hapo ndipo pa kuanzia.

Alikuwa darasa la tatu. Mwalimu wao, bwana mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja, alisimama mbele ya ubao akauliza, "Nani atanitajia kitu chenye pembe nne?" Alitaka meza, au dirisha, au ubao wenyewe aliokuwa ameuegemea. Mtoto akanyoosha mkono, akasimama wima kama alivyofundishwa kwao, akajibu, "Ng'ombe wawili."

Hakufanya mzaha. Jirani yao alifuga, na pembe alizozijua ni zile. Darasa likaangua kicheko mpaka wa darasa la pili wakaja kuchungulia mlangoni. Mwalimu, ambaye angeweza kusema, "Umehesabu vizuri, sasa njoo nikuonyeshe pembe za namna nyingine," alicheka mpaka miwani ikamtoka. Na aliyecheka kuliko wote ni yule aliyekaa naye dawati moja, mtoto msafi, daftari zake zote zina jalada. Ndiye aliyempachika lile jina, nalo likamganda kama kupe.

Mwaka ule ule ukingo wa mtaro ulimwangukia baba yake, mguu ukavunjika. Msingi haungoji mguu upone. Alihitajika mtu wa kumshikia kamba, na nyumbani mtu mwenye mikono mizima na asiye na mtoto mgongoni alikuwa binti yule. Akaacha shule ili ashike ncha ya kamba, na shule haikurudi kumwita.

Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, imefungwa mafundo kumi na matatu, baina yao nafasi kumi na mbili zilizo sawa, kila moja kama hatua ndogo ya mtoto. Baba alikaa juu ya gogo, mguu umenyooshwa mbele, akawa anaagiza.

"Shika ncha, mwanangu. Usilegeze. Hesabu nafasi tatu huku kwenye upande huu. Nne huku kwenye upande ule. Zimebaki ngapi?"

"Tano, baba."

"Hizo tano zilaze. Zitoke fundo hili mpaka fundo lile, zikate katikati. Zikienea bila kubaki na bila kupungua, kona yako ni nzima. Tatu huku, nne huku, tano kulala. Sema."

"Tatu huku, nne huku, tano kulala."

"Na nyumba ikishakuwa na kona nne, pima pia kulala kwake, kutoka kona hadi kona ya mbali. Huku na huku. Msingi usipolala vizuri, ukuta hausimami." Kisha akaongeza lake, maana alikuwa mtu wa maneno: "Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nakwambia, ukipotosha kona utaziba nyufa mpaka ufe."

Baba alipofariki alimwachia kamba na adabu ya kazi, basi. Binti akakua, akaolewa, akazaa, akawa mama wa watu, na miaka yote hiyo alikuwa mbeba maji. Ndiye aliyebeba ndoo za kuchanganyia udongo, akabeba karai la zege, akapanda ngazi na matofali sita kichwani na kushuka na jasho. Alichokuwa anakitamani hakikuzidi urefu wa mkono: mwiko. Si ule wa kusongea chakula, huo alikuwa nao wawili. Ni ule wa chuma wa kupakia udongo baina ya tofali na tofali. Kila alipoomba kuushika mafundi walimjibu jibu lile lile, wakidhani kila mmoja amelibuni siku hiyo: "Mama, mwanamke kushika mwiko ni mwiko." Kisha wakacheka. Naye alicheka nao, akatwika ndoo yake.

Umri wake ulipofika arobaini na mbili, shule ile ile aliyoiacha ilipata bahati ya kujengewa darasa jipya. Msimamizi wa kazi alikuja siku ya kwanza amevaa buti za mpira na tai. Tai kabisa, nyekundu, shingoni, kwenye vumbi la saruji. Yeye mwenyewe alisema wamwite Fundi Tai kwa sababu macho yake ni ya ndege tai, yanaona kosa kutoka juu. Vibarua walimwita hivyo hivyo, ila wao walikuwa wanamaanisha ile ya shingoni.

Alikuwa ni yule wa dawati moja. Alimaliza shule, akasoma chuo cha ufundi, akarudi. Alipomwona mbeba maji akamtambua papo hapo.

"Ala, Ng'ombe Wawili. Bado upo?"

"Nipo, Fundi. Na wewe bado una jalada."

Sasa, eneo la kujengea lilikuwa ubavuni mwa darasa la nne, na njia ya kutoka bombani ilipita chini ya dirisha la darasa hilo. Humo alifundisha mwalimu mmoja msichana, mfupi, sauti yake kali kama kengele ya baiskeli. Wiki ile alikuwa anafundisha maumbo. Kwa siku moja Bi Kamba, wakati ule bado mama mbeba maji tu, alipita chini ya dirisha lile mara thelathini kwenda na thelathini kurudi, na kila mara aliokota neno moja.

"Kisu kinachokata tunasema ni kisu kikali. Na pembe iliyochongoka?"

"Pembekali," watoto wanaitika.

"Kisu kisichokata?"

"Kisu butu."

"Na pembe iliyopanuka, iliyolegea?"

"Pembebutu."

"Na ile ya kona ya daftari yako, isiyo kali wala butu?"

"Pembemraba."

Mama akafika kwenye saruji, akamimina maji, akamwambia mbeba maji mwenzake, aliyeitwa Mama Pacha kwa kuwa alizaa mapacha mara mbili, "Unajua mdomo wa ndoo hii ni duara?"

"Najua ni mdomo."

"Ukipitisha fimbo katikati, kutoka ukingo huu ikapenya mpaka ukingo ule, hicho ni kipenyo. Kwa sababu kimepenya. Ukiikata fimbo nusu, ni nusukipenyo."

Mama Pacha akaitazama ndoo. "Kipenyo sijui. Ina kutu, hilo naliona."

Lakini mwenzake hakuwa anatania. Kuna kitu kilikuwa kinamfungukia. Miaka yote alidhani maneno ya shule ni mali ya watu wengine, yamefungiwa kwenye kabati la mwalimu, na kumbe kila lililokuwa linatoka dirishani alikuwa amelishika kwa mkono tangu utotoni. Mistari sambamba ni zile nyuzi mbili za ukuta, zinakwenda pamoja na hazikutani hata uzivute mpaka sokoni. Mzingo ni ule mzunguko wa mtaro wote, aliouchimba na baba yake. Alikuwa na vitu vyote. Alikosa majina tu.

Siku ya nne Fundi Tai alipiga vigingi na kuvuta nyuzi za msingi. Alianzia kwenye ukuta wa darasa la nne, akauchungulia kwa jicho moja, akaufuata. Alipima kwa tepu ya chuma, kwa sauti ya kusikika: mita nane, mita sita, mita nane, mita sita. Vibarua wakachimba. Siku ya saba mtaro ukawa tayari, nyuzi bado zimekaza juu yake, na zege lilipangwa kumwagwa saa nane mchana.

Mama alikuja na ndoo yake asubuhi, akasimama kwenye kona. Akatazama. Akahamia kona ya pili, akatazama. Akaitua ndoo chini.

"Fundi, msingi huu haujalala vizuri."

Fundi Tai akageuka. "Umesemaje?"

"Haujalala vizuri."

"Jamani, njooni msikie. Mama anasema msingi una usingizi wa mang'amung'amu." Mafundi wakacheka. Yeye akachukua pimamaji, akalaza ubao kukatisha mtaro, akaweka pimamaji juu yake. Povu likatulia katikati kama jicho la samaki. "Unaona? Umelala fofofo. Tena unakoroma."

"Sisemi kulala huko. Nasema kulala kutoka kona hadi kona."

"Kona hadi kona hulala mlevi. Mimi nimepima pande zote nne. Nane kwa nane, sita kwa sita. Pande zinazotazamana zimelingana, huo ni mstatili. Ulikuwepo tulipofundishwa? Hukuwepo. Ulikuwa umekwenda kuwahesabu ng'ombe wako."

Kicheko kikapanda tena, lakini mama hakuchukua ndoo yake. Alijua akiichukua tu, mambo yamekwisha. "Mwaga zege hapo, kenchi za paa hazitakaa. Bati litatoka upande mmoja kama shati lililokosewa vifungo. Na humo watakaa watoto."

Labda lilikuwa lile neno watoto, au yale macho ya watu kumi na wanne yaliyomtazama. Fundi Tai akachomoa mwiko wake mfuko wa nyuma, mwiko wenye mpini wa mbao uliong'aa kwa miaka ya kiganja. "Haya. Wewe si unautamani huu? Leta ushahidi wenye maneno ya watu waliosoma kabla ya saa nane, nikupe. Usipoleta, kesho nisikuone hapa na karai lako. Lakini sitaki tena habari za kulala. Niambie kitu chenye jina."

Akabaki na kamba yake kiunoni, chini ya vazi, na neno moja tu la marehemu baba ambalo lilikuwa limeshachekwa. Kuonyesha aliweza. Lakini watu waliokwisha kucheka hawaoni. Angenyoosha kamba pale, wangesema ni ya kufungia ng'ombe. Na kesho yake jikoni kungepikwa nini, ikiwa karai lenyewe ndilo lililokuwa linalisha nyumba? Maji yalikuwa bado yanahitajika, akatwika ndoo kwenda bombani, maana mpaka saa nane alikuwa mfanyakazi.

Alikuwa anarudi, ndoo imejaa, alipofika chini ya dirisha.

"Tazameni umbo langu," sauti ya kengele ilikuwa inasema. "Natoka pembe hii. Nakatisha katikati. Nafika pembe ya mbali inayotazamana nayo. Mstari huu niliouchora unaitwa ulalo. Semeni."

"Ulalo."

"Kwa nini ulalo? Kwa sababu umelala. Haukusimama kama upande huu, wala hauendi kama upande ule. Umejilaza katikati ya umbo."

Ndoo iliyumba, maji yakamwagika begani, yakashuka mpaka kiunoni, kamba ikalowa. Mama hakuhisi. Kulala kwake. Baba yake alikuwa amesema kulala kwake, na shule inasema ulalo, na ni kitu kile kile. Mzee wa mguu uliovunjika, juu ya gogo, ambaye hakuwahi kukalia dawati, alikuwa amelisema neno la kitabuni.

Akatua ndoo, akaweka mikono miwili kwenye kizingiti cha dirisha.

"Mwalimu, samahani. Ulalo wa mstatili, huu na ule wa pili, huwaje?"

Mwalimu alimtazama yule mama aliyelowa. Vichwa arobaini vikageuka. Angeweza kucheka. "Huwa sawa, mama," akasema. "Mstatili wa kweli, ulalo huu na ulalo ule ni urefu mmoja."

"Na pande zikilingana lakini ulalo usilingane?"

"Basi si mstatili. Huo ni msambamba. Pande zake ziko sambamba, lakini umbo limesukumwa, limeinama." Akaiweka chaki. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mmechimbiwa darasa la msambamba, mwanangu."

Mwalimu yule alikuwa mfupi, lakini hakuwa mwoga. Aliwatoa watoto wote nje, mstari mmoja, akawapanga kando ya mtaro. Fundi Tai akaona kundi linakuja, akarekebisha shingo.

"Mwalimu, hapa ni kazini."

"Na sisi tuko kazini, Fundi. Tuko kwenye somo la pembe. Mama huyu anatusaidia."

Mama akafungua kamba kiunoni. Akampa mwalimu fundo la kona ashike, akahesabu nafasi tatu kwenye uzi mmoja, nne kwenye uzi wa pili, akazilaza zile tano. Zikabaki. Kamba ililegea vidole viwili, ikaning'inia.

"Kona ni ndogo kuliko inavyotakiwa," akasema.

Mwalimu akawageukia watoto. "Pembe iliyo ndogo kuliko pembemraba?"

"Pembekali."

Wakaenda kona ya pili. Tatu huku, nne huku. Safari hii zile tano hazikuenea. Fundo la mwisho lilikoma vidole viwili kabla ya kufika.

Watoto hawakungoja swali. "Pembebutu."

Fundi Tai akakohoa. "Kamba ni ya katani, tena imelowa. Kamba huvutika."

"Ni kweli, huvutika," mama akakubali. "Leta tepu yako, ile isiyovutika. Soma wewe mwenyewe. Mimi nitashika ncha tu, ndiyo kazi niliyolelewa nayo."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Fundi akavuta tepu kutoka kona hadi kona ya mbali, akainama. Akasoma kimya kimya kwanza. Kisha, kwa kuwa macho ya watoto arobaini yalikuwa yanamngoja, akasoma kwa sauti: "Mita kumi na sentimita kumi na mbili."

Wakahama. Mama akashika ncha kona nyingine. Tepu ikalala upande wa pili.

"Mita tisa," akasema Fundi Tai. "Na sentimita themanini na nane."

"Ilitakiwa iwe kumi na kumi," mama akasema. "Sita huku, nane huku, kumi kulala. Ni ile ile ya tatu na nne, imekunjuliwa mara mbili."

Mtoto mmoja kwenye mstari akaropoka, "Mwalimu, huu si mstatili. Huu ni msambamba," na wenzake wakalipokea neno hilo, likazunguka mtaro wote. Fundi Tai alilijua neno lile. Aliwahi kulipata kwenye mtihani, akawekewa vema. Akatazama ukuta wa darasa la nne, ule alioufuata kwa jicho moja, na kwa mara ya kwanza akauona: ulikuwa wenyewe umepinda tangu ulipojengwa, naye amerithi kupinda kwake bila kuuliza.

Alilegeza tai. Akatoa mwiko mfukoni, akaufuta kwenye suruali, mbele na nyuma, akaugeuza ili mpini utangulie. Mafundi hakuna aliyecheka.

"Haya, mama. Leo mwiko umevunjwa."

"Haujavunjwa, Fundi. Umebadilisha mkono."

Akaupokea. Mama Pacha, aliyekuwa amesimama na ndoo kichwani muda wote, alipiga kigelegele kirefu mpaka maji yake yote yakaishia chini, kipenyo na kutu pamoja.

Walivuta nyuzi upya, wakachimba upande mmoja na kufukia upande mwingine, na zege likamwagwa karibu na magharibi. Kesho yake tofali la kwanza la kona ya kwanza lililazwa na mama aliyekuja bila ndoo. Siku ya kuezeka, kenchi zilikaa kama zimezaliwa pale. Fundi Tai alipanda juu, akalikagua bati kutoka pembe hadi pembe, akashuka, akatangaza mbele ya kamati ya shule, "Mnamwona huyu? Tulimwita Ng'ombe Wawili. Ni kweli ana pembe nne. Na zote ni pembemraba." Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina lile. Alimwita Fundi, na kila alipopata kazi alimpelekea habari: njoo na kamba yako. Watu wengine wakashika hapo hapo kwenye kamba, wakamwita Bi Kamba.

Kuta mia moja na kumi na moja. Kwenye ujenzi wa kumi na nne alikuwa ameshajua kusoma ramani, maana yule mwalimu alimfundisha Jumamosi, naye akamlipa kwa kumjengea jiko lisilotoa moshi ndani. Wasichana watatu walijifunza mwiko mkononi mwake, na hakuna aliyewaambia ni mwiko.

Sasa magoti yamekataa kupanda ngazi. Mwezi uliopita alijikongoja mpaka shuleni, akamkuta mwalimu wake, ambaye siku hizi ni mwalimu mkuu, ana miwani, lakini sauti bado ni ile ya kengele. Wakakaa kwenye kibaraza cha darasa lile. Bi Kamba akafungua kiuno, akaweka kamba mapajani mwa mwenzake. Ile ya baba ilioza zamani. Hii ni ya tatu, lakini mafundo yalipimwa juu ya mafundo ya zile za kwanza, hayajasogea.

"Bibi, hii ni yako," mwalimu akasema.

"Ilikuwa. Sikiliza. Kila mwaka, kabla hujaandika neno ulalo ubaoni, watoe watoto wa darasa la nne nje, wapime jengo hili wenyewe. Washike kwa mikono kwanza, jina lije nyuma. Atakayejibu vibaya, usimcheke. Muulize ameona nini. Na siku mtakapokuta ulalo huu na ule hazilingani, niite. Nikiwa sipo, bomoeni."

Mwalimu akaigeuza kamba mikononi, akihesabu mafundo kwa kidole gumba. Kengele ilikuwa inakaribia kugongwa, na ndani ya darasa viti vilishaanza kusogezwa.

Bi Kamba akainuka kwa mkongojo, akashuka kibaraza, akaenda mpaka kona ya jengo alipolaza tofali la kwanza. Kutoka pale akainua kiganja.

"Nitupie fundo la kona, mwanangu. Wewe shika ncha. Usilegeze."